Mbeba Maji wa Crystal

Nianze na mema yake, yaishe mapema. Jirani yetu Mfaransa hakuwahi kuegesha gari mbele ya nyumba yetu, kwa kuwa hakuwa na gari. Hakufuga mbwa. Hakupiga muziki. Na theluji ya njia yetu aliizoa pamoja na ya kwake kabla sisi hatujaamka. Nimeyahesabu mara mbili, ni hayo manne, na hilo la nne nina mashaka nalo, maana naamini alizoa ili apate pa kupitisha baiskeli. Yaliyobaki nitayasema kama nilivyoyaona. Msomaji akihisi namwonea, akumbuke kwamba mtu huyu nusura aniulie mume, tena bila kumgusa.

Jina lake silitaji. Mtaani kwetu Crystal, mji mdogo wa Minnesota, wote walimwita kwa jina, na mwenyewe alilitamka kama mtu anayetangazwa kwenye kipaza sauti. Mimi nilimwita Mfaransa tangu siku ya kwanza, na katika miaka yote ile sikuona sababu ya kumpandisha cheo.

Alikuwa mzee anayekaribia sabini mwenye miguu ya mtu mwingine. Juu alikuwa babu wa kawaida, shingo imekunjamana, masikio makubwa, mabega yameinama. Ukishuka chini ya magoti unakuta kijana. Na ile miguu ilikuwa imenyolewa. Nilipoiona mara ya kwanza, anakata majani amevaa kaptula, nilidhani ni ugonjwa. Mume wangu akanieleza kwamba waendesha baiskeli wa mashindano hunyoa, ili wakianguka kidonda kisafishwe vizuri.

"Huyu ataanguka wapi?" nikamuuliza. "Anakata majani."

"Ni desturi, Mama Zuhura."

Hilo neno desturi lilinigharimu. Haukupita mwezi, mume wangu akatoka bafuni na miguu imenyolewa, laini kama ya mwali. Binti yetu Zuhura, aliyekuwa na miaka kumi na minne na haongei Kiswahili ila kwa shida, alitazama, akasema kwa Kiingereza kwamba sasa mwenye manyoya miguuni humu ndani amebaki paka peke yake. Baba mtu alicheka. Mimi nilikwenda kuangalia wembe wangu.

Hapo inabidi nieleze jinsi mambo yalivyofika huko. Mume wangu, Baba Zuhura, alikuja Minnesota kusoma uhandisi, akamaliza, akabaki kukagua madaraja. Ni mtu mpole, mwenye subira, na mwenye kisukari. Mimi nimekulia Kariakoo, na wakati ule nilikuwa nauza vitenge na vyombo kwenye gulio la Jumapili. Daktari alimwambia Baba Zuhura afanye mazoezi, achague mwenyewe: kutembea, kuogelea, au baiskeli. Ningejua, ningemtupa ziwani kwa mikono yangu, na maziwa kule hayana uhaba. Akachagua baiskeli, na kwa kuwa mwenye baiskeli alikuwa ng'ambo ya uzio, akaenda kuomba ushauri.

Siku ya pili Mfaransa alikuja usoni pangu, uzioni, kumwomba mume wangu kama mtu anayeazima ngazi.

"Namtaka Jumamosi na Jumapili," alisema. Kiingereza chake kilikuwa kinakohoa kila penye R.

"Jumapili ananibebea mizigo gulioni."

"Basi Jumamosi."

"Asubuhi tu. Mwisho saa sita."

"Saa sita, Madame."

Akaondoka. Nilirudi ndani nimeudhika. Mimi nilikuwa tayari kusukumwa hadi saa nane, nilikuwa na maneno yangu yamepangwa, na nilikuwa na sura ya kuumia niliyoiandaa kwa ajili ya hapo mwisho. Mtu anapokubali bei yako ya kwanza bila hata kukunja uso, ujue ana mali nyingine anayoitazama.

*

Alikuwa na kanuni za kula ambazo mwanzoni nilidhani ni za dini. Mkate alikula ganda tu, nyama ya ndani akaifinyanga vidonge na kuvipanga pembeni mwa sahani. Mboga mbichi hakugusa. Nilimkaribisha pilau siku ya Idi, akaila vizuri, nakiri, lakini kachumbari aliisukuma kwa uma kama anayeondoa mdudu. Alisema inajaza tumbo maji. Kuogelea ni mwiko, kunalegeza misuli. Kusimama bure ni mwiko. Akiingia ndani macho yake yalitafuta kiti kabla ya kututafuta sisi, na ngazi za nyumba yetu alizipanda kwa huzuni, ngazi tano, yeye ambaye asubuhi hiyo alikuwa ametoka Crystal mpaka mpakani mwa Wisconsin na kurudi.

Wakati wa baridi hakuvaa koti la maana. Alijaza magazeti kifuani, chini ya sweta, akawa anatoa mchakacho kila anapopumua. Ndivyo walivyofanya, alisema, wakishuka milima, wakiokota magazeti kwa watazamaji pale kileleni. Nilimwambia kwamba hapa hakuna mlima na Januari ya Minnesota haisomi gazeti. Akanitazama kwa huruma. Chini ya nyumba yake alikuwa na rafu nzima ya matairi yaliyoning'inizwa gizani yakomae, kama watu wanavyokausha samaki. Matairi mengine yalikuwa na umri wa binti yangu.

Ulimi wake ulikuwa mchafu kwa namna ya upole. "Leo umeendesha kama mwanamke anayefua," alimwambia mume wangu mbele yangu, akaniinamia kichwa, "samahani, Madame." Nikamwuliza kama amewahi kufua. Akasema ndiyo, amefua miaka tisa, nguo za watu wanane, kwenye masinki ya hoteli. Jibu hilo nilimwekea kinyongo.

Kufua huko kulikuwa sehemu ya kazi yake. Aliendesha baiskeli ya mashindano kwa mshahara, huko kwao Ufaransa, miaka tisa ya zamani, sisi bado tunatambaa. Alikuwa kwenye timu ya bingwa mmoja mkubwa ambaye yeye alimwita nahodha, na hakuwahi kumtaja bila kushusha sauti. Mimi nilitarajia vikombe. Nilishuka siku moja kwenye lile ghala lake la chini ya nyumba kumfuata mume wangu, saa sita imeshapita, nikamkuta anaoneshwa picha ukutani. Nahodha amevuka mstari, mikono juu, watu wamejaa kama siku ya kura.

"Wewe uko wapi hapo?" nikamuuliza Mfaransa.

Akaweka kidole ukutani, nje ya fremu, kushoto, umbali wa kama shubiri mbili. "Hapa," akasema. "Nakuja."

"Umeshinda mashindano mangapi?"

"Hakuna, Madame."

"Hata dogo?"

"Hata dogo." Alilisema kwa fahari kabisa.

Nikamtazama mume wangu nione kama amesikia. Alikuwa amesikia. Macho yalikuwa yanang'aa.

Alikuwa kile ambacho kwa lugha yao wenyewe huitwa mbeba maji. Kila bingwa ana watu wa kumkinga upepo, yeye ajifiche nyuma ya migongo yao asichoke. Bingwa akipasukiwa tairi, mmoja anamvulia la kwake, anabaki kando ya njia na baiskeli kilema. Bingwa akitaka kujisaidia haja ndogo bila kupoteza mwendo, mmoja anamsukuma kiunoni huku anatazama pembeni. Na jua likiwaka, wabebaji wanatumwa maji. Siku zile gari la timu halikuruhusiwa kugawa chupa ovyo, kwa hiyo waliruka kutoka kwenye baiskeli, wakavamia mkahawa wowote wa kijijini, wakakomba bia, soda, mvinyo, maji, wakajaza mashatini na kukimbia bila kulipa, halafu mwenye mkahawa akahangaike na wenye mashindano. Mfaransa alinionesha kwa makopo yangu mwenyewe, jikoni kwangu, namna ya kuyapanga kifuani yasianguke ukiinama. Kwa dakika moja nilimpenda. Wizi wa wazi namna ile, na kaptula, una heshima yake.

Kisha unafukuza msafara na ule mzigo, alisema, kilomita na kilomita, barafu ya chupa inakuunguza tumbo. Unampa nahodha. Hasemi asante, hana pumzi ya kupoteza. Basi umefanya kazi.

Mume wangu aliirudia hadithi hiyo kwa wageni mara nyingi kuliko hadithi ya ndoa yetu. Nilimuuliza kuna nini hapo cha kusifia.

"Alikubali asionekane," akasema. "Unajua ni wangapi wanaweza?"

"Wote wanaofanya kazi na mimi gulioni. Hakuna anayewasimulia."

Sasa ile kanuni yenyewe. Mfaransa aliamini kwamba mwendesha baiskeli wa kweli hanywi. Analowesha ulimi, basi. Maji ni ya wanafunzi. Mwili, alisema, ni kama mtoto wa mwisho. Ukiuzoesha kupewa, utalia kila dakika, ukiunyima utanyamaza na kufanya kazi. Ndivyo walivyofundishwa wote enzi zake, hakulitunga. Kiangazi kile cha kwanza nilimpelekea juisi ya ukwaju uzioni, jua limesimama utosini, akaigusa kwa mdomo na kuirudisha kama nilivyoileta.

Niligundua nini kinaendelea kwa sababu ya tabia yangu ya kupima kila kinachopita mkononi. Baba Zuhura alikuwa anaondoka na chupa mbili zimejaa, na mimi ndiye nilikuwa nazijaza. Jumamosi moja alirudi, nikazichukua niende kuzisuuza, nikaona uzito ni ule ule. Nikadhani amejaza njiani. Jumamosi iliyofuata nikatia alama ya kalamu kwenye plastiki. Maji yalirudi pale pale penye alama.

"Unafanya nini, Baba Zuhura?"

"Naufundisha mwili."

"Mwili wako una kisukari."

"Naujua mwili wangu."

"Daktari amesema unywe."

"Daktari hajawahi kuendesha baiskeli."

Huyu ni mtu ambaye hupima nyufa za daraja, akaenda kunywa chai, akarudi akapima tena. Kwenye daraja haamini hata jicho lake. Kwa mzee wa jirani aliyejaza magazeti kifuani aliamini kila kitu, kama watu wanavyomwamini mganga, kwamba bei ikiwa ngumu dawa lazima ni kali. Nikaenda kwa mganga mwenyewe. Nilimwambia uzioni kwamba mume wangu ni mgonjwa na lazima anywe maji.

"Anaendelea vizuri sana," akanijibu. "Usimlegeze, Madame."

*

Baba Zuhura alianguka mwezi wa saba. Walikuwa wamevuka mto Minnesota, wamepandisha mpaka Apple Valley, na walikuwa wanarudi kupitia Savage, kule kwenye viwanda karibu na mto ambako hakuna mti na lami inachemka kama uji. Aliyenipigia simu ni dereva wa lori. Aliniambia kuna mtu ananitaja, lakini maneno yake hayaungani.

Dereva yule alinisimulia baadaye alichokuta. Mume wangu amelala kwenye majani ya kando ya njia. Mfaransa amechuchumaa juu yake amekinga jua kwa mgongo, amemfunika uso kwa kofia. Baiskeli mbili zimelala. Chupa zimo kwenye baiskeli, zimejaa. Ni dereva aliyechomoa moja na kummwagia kichwani, kisha akamwitia gari la wagonjwa.

Ninaye rafiki Mkenya, Nyambura, nesi, aliyekuja kukaa na mimi hospitalini baada ya zamu yake kwingine. Ndiye aliyenitafsiria maneno ya madaktari. Misuli ikichoshwa hivyo bila maji huanza kujimwaga kwenye damu, na figo zinaziba kama chujio la chai.

"Sasa huyu mzee wenu ako sawa kweli?" aliniuliza. "Mtu ana sukari, ana-ride kwa jua masaa yote hayo, na maji iko hapo tu kwa baiskeli? Hakuna mtu ana-touch?"

"Ni desturi," nikamwambia.

"Desturi ya nani? Hiyo ni desturi ya mortuary."

Figo zilirudi. Si kama zilivyokuwa, lakini zilirudi, na siku ya kumtoa hospitalini, daktari aliongea nasi wote wawili, polepole, akimtazama yeye kisha mimi. Baiskeli aendelee nayo akipata nguvu, inamsaidia sukari. Lakini lazima anywe, kila mara, kabla kiu haijaja. Ikitokea tena, asitegemee kwamba zitarudi.

Mfaransa alikuwa amekuja hospitalini siku ya pili. Alikuja kwa baiskeli, na zabibu kwenye mfuko wa karatasi. Nilimzuia kwenye korido.

"Alikuwa anakwenda vizuri mpaka pale," akaniambia.

Maneno hayo nimeyabeba miaka. Nilimwambia achukue zabibu zake, na kwamba akikanyaga kwangu nitaita polisi na nitawaambia lolote litakalonijia. Aliinamisha kichwa, akaondoka. Niliangalia alivyotembea na vile viatu vyake vya baiskeli, anateleza kwenye sakafu kama kuku kwenye vigae, na sikumwonea huruma. Toka siku hiyo hatukusalimiana. Theluji ilipoanguka aliendelea kuzoa upande wetu. Nikaanza kuamka mapema zaidi yake.

Nilidhani mambo yameisha. Kumbe nilikuwa nimemfukuza mtu nikaiacha kanuni yake ndani ya nyumba.

Mume wangu aliona aibu. Si aibu ya kumsikiliza mzee. Aibu ya kuanguka. Alikaa baridi nzima akijitafuna. "Yeye ana miaka sabini, mama. Hakuanguka," alikuwa akiniambia. "Mimi nilivunjika." Nilileta maneno ya daktari, nikamleta Nyambura, akaja na chakula na kumfokea kwa saa nzima. Alisema ndiyo, ndiyo, ameelewa. Theluji ilipoyeyuka nikashuka chini nikakuta ameifunga baiskeli kwenye kile chuma cha kufanyia mazoezi ndani, jasho linamtoka mpaka zulia limelowa. Chupa moja, imejaa, kaiweka mezani mbali na mkono.

"Hiyo ni ya nini kule?"

"Ninajizuia kidogo kidogo. Safari ile nilikwenda haraka mno. Mwili utazoea."

Nilikaa kwenye ngazi. Nilimtazama huyu mtu niliyezaa naye, na nikaelewa kwamba hakuna daktari, wala nesi, wala mke atakayemtoa humo. Kuna mdomo mmoja tu duniani ambao ungesema "nilikosea" akausikia. Nao nilikuwa nimeupiga marufuku.

*

Nilimkuta Mfaransa kwenye banda lake la gari lisilo na gari, anasafisha mnyororo kwa mswaki. Miezi tisa ilikuwa imemtendea vibaya. Miguu sasa ilikuwa imeanza kufanana na mwenyewe.

"Umekuja kunitukana, Madame?"

"Nimekuja kununua."

"Siuzi kitu."

"Nataka neno moja. Baba Zuhura anataka kurudi barabarani, na anataka kurudi vile vile, bila maji. Daktari amesema figo hazitavumilia. Ananiona mimi mwoga na daktari mjinga. Mwambie wewe kwamba ile habari ya kutokunywa ni uongo."

"Si uongo. Tuliishi hivyo."

"Nielezee basi, kama unamweleza mteja. Siku ya jua kali ulikuwa unabeba chupa ngapi?"

Alinyanyua mabega. "Saba. Nane. Ikiwa mkahawa mzuri, tisa."

"Za nani?"

"Za nahodha."

"Na wenzako?"

"Akitosheka, wenzangu."

"Alikuwa anatosheka lini?"

Alitabasamu kidogo, akilikumbuka. "Hakuwa anatosheka."

"Kwa hiyo alikunywa."

"Kama farasi, Madame."

"Na alishinda."

"Unajua alishinda. Dunia nzima inajua."

"Na nyinyi mliobeba ndio mliofundishwa kwamba mwendesha baiskeli wa kweli hanywi."

Mswaki ulikuwa bado mkononi lakini haupigi kitu.

"Nani aliwafundisha?"

"Meneja," akasema. Kisha akaongeza, mwenyewe, bila kuulizwa: "Na nahodha. Kwa utani. Akishamaliza chupa."

Nilikuwa nimekwenda pale kushinda, kwa hiyo sikumwachia. Nilimwambia kwamba nimefanya biashara tangu nikiwa mdogo, Kariakoo na hapa, nimeona watu wakiuziwa saa isiyo na mashine na redio yenye tofali ndani, lakini sijaona mtu aliyeuziwa kiu yake mwenyewe, akaenda nayo nyumbani, akaisifia miaka arobaini, halafu akaiuza kwa jirani.

Kiti kilikuwepo, karibu naye. Alibaki amesimama.

"Unadhani sikuwahi kuwaza hayo?" akasema.

"Uliyawaza lini?"

"Kila kiangazi."

Hapo ndipo chuki yangu ilipopata miguu ya kusimamia. Mpaka dakika ile nilikuwa namchukia mjinga.

"Basi kwa nini ulimfundisha mume wangu?"

Alifikiria, au alikuwa anatafuta Kiingereza. "Watu hapa wananiuliza, ulishinda? Nikisema hapana, wanaangalia saa. Yeye aliniuliza tulikuwa tunafanyaje. Nikamweleza tulivyofanya. Ningemwambia nini? Kwamba tulifanya vizuri yote, isipokuwa hilo?"

"Ndiyo. Hivyo hivyo. Vuka uzio ukamwambie hivyo hivyo."

"Siwezi, Madame. Nikilisema neno hilo sibaki na kitu."

"Usipolisema mimi sibaki na mume. Tupime, kipi kizito?"

Akaurudisha mswaki kwenye mnyororo. Nilisubiri. Nimewahi kuwasubiri wauzaji wa kila namna, na najua kunyamaza kunakotaka kuongezewa bei na kunyamaza kulikofunga duka. Niliondoka mikono mitupu.

Jumamosi ya wiki hiyo Baba Zuhura aliitoa baiskeli barazani. Nilikuwa nimeshasema yote, tangu alfajiri, kwa upole, kwa ukali na kwa machozi, na Zuhura naye alikuwa ameongeza ya kwake kwa Kiingereza. Aliweka chupa moja. Niliijaza mimi, kwa kuwa sikujua nifanye nini kingine na mikono yangu.

Mfaransa akatokea pembeni ya nyumba yake anasukuma baiskeli. Sikumtambua umbo. Kifua kilikuwa kimevimba, mgongo umevimba, tumbo limeshuka. Alipofika nikaona ni chupa. Alikuwa amezijaza ndani ya shati lote, mbele na nyuma, zinagongana, maji baridi yameanza kulowesha kitambaa. Hakunisalimia. Alikwenda moja kwa moja kwa mume wangu.

"Leo wewe ni nahodha," akamwambia.

Baba Zuhura alicheka, akidhani ni mchezo. "Mimi?"

"Wewe. Mimi nabeba. Nikikupa chupa unakunywa yote, unanirudishia tupu. Ukirudisha na maji ndani, nageuza baiskeli, nakuacha hapo hapo na hunioni tena."

"Na kanuni je?"

"Kanuni ilikuwa yetu sisi wabebaji," Mfaransa akasema. "Nahodha anakunywa. Siku zote alikunywa."

Mume wangu aligeuka kunitazama mimi, nikatazama paa la nyumba ya mtu. Hakuwa amesema kwamba alikosea. Neno nililolifuata lilikuwa bado liko kooni mwake, na ninaamini amelala nalo mpaka leo. Lakini nimewahi kununua mzigo mzuri kwenye gunia la ovyo, nikajua kunyamaza na kulipa. Baba Zuhura alinyoosha mgongo. Alipokea chupa ya kwanza pale pale, kabla hawajaondoka, akanywa mpaka ikakunjamana, akairudisha bila kusema asante.

Walikwenda. Yule mzee alitangulia kumkinga upepo, na chupa zikimning'inia kama mjamzito.

Saa sita walikuwa wamerudi. Mfaransa alipitiliza kwake, akaegemeza baiskeli ukutani na kukaa mlangoni pake, akiwa amefumba macho, midomo imepasuka rangi ya majivu. Mume wangu aliingia anang'aa, akaenda chooni, akatoka, akarudi chooni tena, na mimi nilisimama nje ya mlango nikisikiliza maji yale yakitoka kama mtu anayesikiliza adhana. Kisha akaja kukaa, akainama kufungua viatu.

"Kilima cha Apple Valley tumekimaliza," akasema. "Kanipa ya mwisho pale pale juu. Ya baridi, sijui aliificha wapi. Kuanzia pale nikamwacha nyuma."

"Na yeye je? Alikunywa?"

"Nani?"

"Mwenzio."

Alivuta kamba ya kiatu, akafikiri kidogo.

"Sikuangalia, Mama Zuhura," akasema. "Nilikuwa mbele."